Shairi la Shoga Yangu Lilipokubaliwa

Mjukuu wangu amerudishiwa shairi lake na gazeti moja la Dar es Salaam, na tangu jana hasemi na mtu. Karatasi ameitupa uvunguni, mhariri amemwita majina yote anayoyajua, na mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye shairi lake limepigwa chapa, hataki hata kumwitikia salamu. Nimemwambia hana adabu. Kukubaliwa hakuhitaji adabu, mtu yeyote anaweza kukubaliwa. Kukataliwa ndiko kwenye taratibu, nami nazijua zote kwa sababu nilifundishwa vizuri na nilizichukia moja baada ya moja.

Zamani zetu hapa Bagamoyo, kabla ya Wadachi kupandisha bendera yao, hapakuwa na gazeti la kupelekea shairi. Kulikuwa na bibi mmoja Unguja, mjane wa tajiri wa karafuu. Kila Mfungo Sita, maulidi yakishasomwa, bibi huyo aliwaalika wanawake uani kwake wasikilize mashairi. Aliletewa na wanawake wa pwani nzima, tangu Pangani na Saadani mpaka kwetu, naye alichagua machache tu. Yaliyochaguliwa yalighaniwa mbele ya wake wa matajiri na binti za masharifu, na mwaka mzima watu waliyaimba wakisuka ukili na wakibembeleza watoto. Mwanamke aliyechaguliwa alijulikana. Akipita njiani, wenzake walionyeshana kwa kidevu.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha namna ya kupeleka. Shairi uliandike kwa wino mpya, si wino uliolala. Ulifunge katika kitambaa cheupe cha marekani pamoja na majani ya tambuu, umpe mwanamke mzima anayevuka kwenda Unguja, usimpe mwanamume. Shairi moja usilipeleke nyumba mbili. Na likishatoka mkononi mwako, usiliulizie. Hata moyo ukuchemke namna gani, hutaulizia. Bibi akilipenda, karatasi itabaki kwake na kitambaa kitarudi kimefungwa halua. Asipolipenda, karatasi itarudi ndani ya kitambaa kilekile, kimefuliwa, kimekunjwa, kimefukizwa udi, ili mwenye shairi asione amedharauliwa.

Kwa hiyo kukataliwa kwetu kuliingia nyumbani kukinukia. Mpaka leo nikienda harusi ya watu nikasikia udi, nakunja uso, na watu wanadhani nina kifua.

Lakini lililokuwa gumu zaidi ni la mwisho. Ikiwa wewe umerudishiwa na mwanamke wa mji wako amechaguliwa, ulipaswa kwenda kumpongeza kabla ya Ijumaa. Unakaa mkekani kwake, anaghani shairi lake lote mbele yako, nawe unaitikia kibwagizo kila ubeti unapoisha. Shangazi alinionya mapema: "Usiitikie kama mgonjwa wa homa. Mwenzio aisikie sauti yako."

Nilimwambia shangazi kwamba mimi sitaitikia, mimi nitaitikiwa. Nilikuwa kijana na nilikuwa na sababu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nilizijua herufi kabla sijajua kusonga ugali. Mume wangu alikuwa msimamizi wa wapagazi. Akienda bara na safari ya watu wa pembe za ndovu, nilisahau sura yake kabla hajarudi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na watoto Mungu hakuwa ametujalia bado. Nilichokuwa nacho ni mashairi. Mtaa mzima ulijua hivyo. Pakiwa na harusi, waliniita mimi. Pakiwa na msiba wa mtu mkubwa, waliniita mimi. Nilijiona mwenye shamba langu peke yangu, hata kama ni dogo.

Na nilikuwa na shoga. Tulisoma chuo kimoja, ubao mmoja, tukapigwa fimbo na baba yangu siku moja kwa kosa moja. Yeye alikuja kuolewa na mfanyabiashara wa utomvu wa sandarusi na pembe, mtu wa asili ya Omani. Akahamia nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi ambao wageni walisimama kuutazama. Mumewe hakwenda bara. Alituma watu kwenda bara, wakiwemo akina mume wangu, naye akala chakula cha mchana kwake kila siku. Shoga alizaa mfululizo, akanenepa, akawa na kicheko kinachosikika mpaka sokoni. Na mbaya zaidi alikuwa mwema. Angekuwa na kiburi ningepumua. Hakuwa nacho. Akipika biriani, sahani ya kwanza ilikuja kwangu. Nguo za Idi alinunua pande mbili, moja yake, moja yangu, na yangu ndiyo iliyokuwa nzuri.

Nilikuwa na kijiba cha roho juu yake tangu siku ya harusi yake. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumficha. Nilikula biriani yake nikiwa nimefura, na nguo zake nikazivaa.

Siku moja tumekaa uani kwake, mimi napanga vina vyangu kwa sauti ndogo, akaniambia, "Shoga, nami nijaribu kutunga, eti?"

"Jaribu," nikasema. Nilicheka moyoni.

"Nitunge nini?"

"Tunga chochote. Mizani unaijua."

Akatunga. Alichotunga ni habari ya bibi yake mzaa mama, kikongwe aliyeng'oka meno yote lakini hakuacha tambuu, akawa anatwangiwa na wajukuu katika kinu kidogo cha shaba mpaka zilainike, tambuu na popoo na chokaa pamoja. Lilikuwa shairi fupi. Alipiga bismillahi, akaingia moja kwa moja kwenye kinu. Kibwagizo chake kilikuwa hivi: *Nitwangie taratibu, mjukuu wa moyoni.*

Nilipolisikia nikaona ni mchezo wa kitoto. Isitoshe, kikongwe yule mimi pia nilimtwangia. Mara ngapi tumegombea mchi! Habari ile ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake, ila mimi sikujua kuwa kinu cha tambuu kinaweza kuwa shairi. Mimi mwaka ule nilitunga juu ya hadaa za dunia na malipo ya wanaosubiri. Nilianza kwa kumhimidi Mungu, nikaomba kalamu iliyochongwa vizuri, nikaomba wino, nikaomba karatasi nyeupe, nikaisifu karatasi, nikamsifu aliyeileta, nikaomba radhi kwa wajuzi, nikaomba radhi kwa wazee. Beti kumi nzima zikaisha dunia haijaanza kuhadaa mtu. Ndivyo walivyotunga watu wa heshima, na ndivyo nilivyofundishwa.

Tukampa mama mmoja wa mtaa wa Dunda vifurushi vyetu viwili. Mama huyo alikuwa akivuka kwenda kuuza mikeka Unguja, na wanawake wote walimwamini kwa kuwa hakuwa na udaku. Tukangoja. Shoga alingoja kwa kusahau. Mimi nilingoja kwa kutokulala vizuri.

Siku aliyorudi, alipita kwangu kwanza. Kabla hajapiga hodi, udi ulikuwa umeshaingia.

"Hodi hapa."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bibi anakusalimu sana, anasema Mungu akuzidishie." Akaniwekea kitambaa mapajani na macho akayapeleka kwenye kuku waliokuwa wakiparua pale nje.

Nilimtolea kahawa, nikamshukuru, nikamwombea safari njema. Mkononi mwake kilibaki kitambaa kingine. Hicho hakikunukia udi. Kilikuwa kizito, na pembeni mafuta ya halua yalikuwa yameanza kupenya. Nilikitazama mpaka akaondoka nacho.

Haikupita hata saa, shoga yangu aliingia kwangu mbio, ukaya wa kichwani umemdondoka mabegani. "Shoga! Wamelipokea! Lile la kinu! Si uliona mwenyewe ni upuuzi? Lako je? Wamelipokea na lako?"

"Langu limerudi."

Uso wake ulibadilika palepale, macho yakajaa machozi. Akaketi chini, akanishika goti. "Basi wamekosea. Mimi nitampelekea habari bibi anirudishie na langu. Haiwezekani langu likae lako lirudi."

Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, na alikuwa amenishika goti. Maana nilijua hakuwa akijionyesha. Angelirudisha kweli. Angevuka yeye mwenyewe kwenda kulidai.

"Usiwe mjinga," nikamwambia. "Nenda kapike. Alhamisi nakuja kukuitikia."

Alhamisi nikajikaza kisabuni nikaenda. Uani kwake palikuwa pametandikwa mikeka mipya, na wanawake walijaa mpaka kwenye ngazi. Nikawekwa mbele, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka pamoja naye. Akaghani. Sauti yake haikuwa nzuri, alikohoa mara mbili, ubeti mmoja aliusahau akacheka akaurudia. Wanawake walilia. Walimlilia kikongwe wa watu aliyekwisha kufa zamani, kila mmoja na wake. Nami kila ubeti ulipokwisha nikaitikia kwa sauti kamili kama nilivyofundishwa: *Nitwangie taratibu, mjukuu wa moyoni.* Mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba mimi nina moyo mweupe. Nilitamani kugeuka nimwambie aniangalie vizuri.

Nyumbani nikakaa nikafikiri, na nilichofikiri ni hiki: sitaki tena kuchaguliwa kwa ajili ya mabinti wa masharifu. Nataka kuchaguliwa ili yeye aje akae mkekani kwangu, aitikie kibwagizo changu, na kimchome hapa nilipochomwa mimi. Mara moja tu. Baada ya hapo tungekuwa sawa, na pengine ningeweza kumpenda kwa raha.

Mwaka uliofuata nikapeleka tena. Safari hii niliboresha: beti za kuomba kalamu na wino zilizidi, kwa kuwa niliona mara ya kwanza sikumheshimu bibi vya kutosha. Shoga alipeleka shairi la mtoto wake wa tatu anayeogopa jogoo. Mama wa mikeka akarudi. Kwangu kukaingia udi, kwa shoga ikaingia halua. Alhamisi nikaenda nikaitikia habari za jogoo.

Hapo ndipo nilipovunja adabu. Mama wa mikeka alipokuja kuniaga kwa safari yake nyingine, nikamshika mkono mlangoni. "Mama, nakuomba. Mwulize bibi shairi langu lina kasoro gani."

Akauvuta mkono wake kama ameguswa na kaa la moto. "Mwanangu! Haliulizwi hilo. Wazee wako wangesemaje?"

"Wazee wangu wamekufa. Mwulize."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika atafanya nini? Atanirudishia shairi?"

Akaenda huku anatikisa kichwa. Shangazi alipopata habari alinitia fedheha mbele ya watu, akasema nimemuuliza mwenye nyumba kwa nini hajanikaribisha. Shoga yangu akanitetea, bila shaka. Akasema mimi ni mtu wa elimu na mwenye elimu huuliza. Nikamwambia aache kunitetea.

Jibu lilikuja. Mama wa mikeka alilileta kwa mdomo, akaliweka mbele yangu neno kwa neno kama alivyopewa, huku amefumba macho asipunguze wala asizidishe: "Bibi anasema, mwambie binti wa mwalimu anachonga kalamu mpaka mwanzi unakwisha."

Basi, hivyo tu. Nilimpa mama kahawa, akaenda zake, nami nikaingia ndani nikavunja kidau changu cha wino. Nilimtukana bibi yule. Nikasema ni mjane asiyejua kitu, anapenda vichekesho vya majogoo na vikongwe, pesa za karafuu zimemfanya aonekane mjuzi. Kisha nikatoa mashairi yangu yote mawili nikayasoma. Nilikuwa natafuta ubeti wa kumwonyesha, kama angekuwapo, kwamba amenionea. Nikasoma ya kalamu, nikasoma ya wino, nikasoma ya karatasi. Nilipofika kwenye dunia yenyewe nilikuwa nimeshachoka mimi mwenye shairi.

Zikapita siku nyingi sijaandika. Wapagazi wa Unyamwezi waliingia mjini na pembe zao, mji ukajaa kelele na vumbi. Mume wangu akarudi nao, amekonda, akalala, akala, akaondoka tena. Shoga ndiye aliyekuwa amemsaidia kupata mzigo mzuri kwa mumewe. Alikuja kuniambia yeye mwenyewe amefurahi, na nilimjibu ahsante kwa shingo upande. Mara alipotoka, mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, nikasikia kicheko chake kinashuka njiani. Nikachukua mwanzi, nikachanganya wino katika kifuu cha nazi kwa vile kidau sikuwa nacho, nikaandika.

Sikuomba kalamu. Niliandika bismillahi, kisha nikaandika kwamba kuna mwanamke namwonea wivu. Nikautaja mlango wa nakshi. Nikamtaja mume alaye nyumbani, na kicheko kinachosikika sokoni, na sahani ya biriani inayokuja ikiwa bado moto, na namna inavyonikwama kooni na namna ninavyoimaliza. Nikasema ni mwema na wema wake ndio unaoniua. Kibwagizo kikaja chenyewe: *Kwake jua lachomoza, kwangu ni kivuli chake.* Nililiandika kikao kimoja. Nikalifunga kabla sijaogopa, nikampa mama wa mikeka, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kuulizia.

Shoga mwaka ule hakupeleka. Alikuwa na mimba, alitapika tu.

Siku ya jibu nilikuwa uani naanua kuni. Nilivuta pumzi kwa mazoea. Hakukuwa na udi. Mama wa mikeka aliingia na kitambaa changu kimelowa mafuta, akaanza kupiga vigelegele kabla hata ya hodi. Majirani wakatoka. Nikaipokea halua mikono miwili, na kabla sijaionja nikakumbuka lililo mbele yangu. Alhamisi shoga yangu atakuja kukaa kwenye mkeka wangu, na nitaghani mbele yake, na mtaa mzima utasikiliza.

Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaka. Nilikitaka kwa miaka. Ila sikupanga kuwa kisu nitakachomchoma nacho kitakuwa yeye mwenyewe.

Alikuja wa kwanza, kabla mikeka haijatandikwa, tumbo mbele, nyuma yake mtumishi na sinia ya mikate ya kumimina ya kuwatosha watu wote, kwa kuwa alijua mimi sina. Akakaa mbele. Uani kwangu ni padogo, wengine walisimama nje ya ua. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza waliitikia wote. Wa pili, nilipotaja mlango, sauti zikapungua. Wa tatu, nilipofika kwenye biriani, wanawake wakaanza kutazama chini, wengine wakajifunika midomo na ukaya. Wakati wa kuitikia ulipofika, sauti ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya shoga yangu. Aliitikia kwa nguvu, nusu ametoka kwenye mizani kama kawaida yake, *kwake jua lachomoza, kwangu ni kivuli chake*, machozi yanamtiririka na hayafuti. Ubeti kwa ubeti, mimi nikimtaja, yeye akiniitikia, mpaka mwisho. Wenzake walipoona hivyo wakajiunga tena, kwanza kidogo kidogo, halafu wote.

Watu walipokwisha kuondoka alibaki. Aliketi ananyoosha miguu iliyovimba. Nilikusanya vikombe nikavipanga, nikavipangua, nikavipanga upya.

"Shoga," akasema, "mimi nilijijua tangu pale ulipoutaja mlango."

Nikachukua kikombe kingine.

"Wala sijakasirika. Ni zuri. Yangu mawili ukiyaunganisha hayalifikii. Nimeitikia mpaka koo limenikauka."

Alisema kweli, na nilijua anasema kweli, kwa sababu hakuwahi kujua kusema vinginevyo. Nikaviacha vikombe nikamkalia mbele. "Nataka kukuuliza kitu, na unijibu. Halua ilipokuja kwangu, na kwako hakuna kitu. Uliposikia vigelegele. Hukuona gere? Hata kidogo?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, amekunja uso, kama mtu anayekumbuka alipoiweka sindano. Nilimngoja. Sikuwahi kumngoja bibi wa Unguja kwa moyo namna ile.

"Hapana," akasema mwisho, na aliona aibu kidogo kuniambia. "Nilijaribu. Siku ile nilipoisikia habari, nilisema ngoja nikae, nimwonee shoga yangu wivu, nijue unavyoumia. Nimekaa sana. Haukuja."

Akaniomba nimsaidie kusimama. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua, akanibusu shavuni, akaenda kwake kabla mumewe hajarudi kula. Kitu kimoja nilichokuwa nakitaka kwake alikuwa radhi kunipa. Alikitafuta moyoni mwake kwa hisani yake yote, na hakuwa nacho.